Jiwe la Chumvi na Jina la Mtoto wa Pundamilia

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kinyonge mno. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na nyinyi wakubwa mliojibanza huko nyuma, simu ziwekeni chini. Hii si ngano ya watoto peke yao. Leo nasimulia nikiwa na hasira, na sababu yake mtaijua tukifika mbele, kwa hiyo mtu asiniambie nipunguze sauti.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde, na katikati ya bonde palikuwa na jiwe. Jiwe kubwa, jeupe, la chumvi. Wanyama wote walikuja kulilamba. Nyati akija, lap, lap, lap. Swala akija, lap, lap, lap. Anayemaliza anampisha anayefuata, naye anaweka ulimi palepale mwenzake alipoutoa. Ulimi juu ya ulimi, mate juu ya mate, tangu enzi za mababu.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Mtoto akizaliwa hana jina. Hana jina mpaka apelekwe kwenye jiwe. Nyati, mkuu wa bonde, analamba kwanza. Mate yake yakiwa bado mabichi, mtoto analamba hapohapo, na Nyati anamtamkia jina. Basi, amekuwa mwenzao. Asiyelambishwa si mwenzao. Wenzake wakilala wamejipanga duara, watoto katikati na pembe nje, yeye analala ukingoni na mama yake. Na ukingoni, watoto, ndiko simba anakopitia.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Pundamilia. Mwaka uliotangulia alizaa mtoto, na kabla ya kumfikisha kwenye jiwe simba akambeba. Mwaka huu akazaa tena. Dume, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko uso. Bi Pundamilia akamwangalia, akasema moyoni, huyu hapotei. Huyu nitampeleka kwenye jiwe mapema, apate jina, alale katikati.

Hakuwahi. Ugonjwa ulifika bondeni kabla yake.

Ulianza kwa swala mmoja. Ulimi ukavimba, ukajaa kinywa chote, akashindwa kumeza hata maji. Akasimama, akayumba, puu, chini. Kesho yake wawili. Halafu nyumbu, halafu ngiri. Wanyama wakauita ugonjwa ule Kivimba, wakaanza kulala jicho moja wazi.

Bondeni mle alikaa Kwarara, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maradhi. Bonde zima lilimjua na lilimheshimu; anayeumwa tumbo huenda kwake, anayechechemea huenda kwake. Siku zote yuko matopeni anachokoa, chok, chok, chok, anatazama, anafikiri, anachokoa tena. Wakamwita, wakamuuliza Kivimba kinatoka wapi. Kwarara akasema wengi walioanguka wameanguka karibu na dimbwi, kwa hiyo anadhani ni maji. Waache dimbwi, wakanywe mtoni. Akaongeza kwamba bado anaangalia.

Wakaenda mtoni, mbali, juani. Wakachoka. Na bado ndimi zikavimba. Kwarara naye hakukaa kitako. Akazunguka kwa wagonjwa, mmoja mmoja, akiuliza umekula nini, umepita wapi. Akawaona viboko, wanaoishi humohumo dimbwini na hawaendi kwenye jiwe, wazima wote. Akawaona waliokunywa mtoni kwa utii kabisa, na wakati wa kurudi wakapita kulamba chumvi, wagonjwa. Akarudi barazani, akasimama mbele ya wote.

"Nilikosea," akasema. "Si maji. Ni mate. Yapo kwenye jiwe, na kila anayelamba anayabeba. Jiwe lipumzike mpaka mvua ilioshe. Anayetaka chumvi avunje kipande chake kule ukingoni mwa korongo, kwenye chumvi isiyolambwa na mtu, alambe peke yake."

Sasa niambieni nyinyi, hayo ni maneno ya kuchekesha? Ndege kasimama mbele ya bonde zima, kasema nilikosea, kaeleza alichokiona na namna alivyokiona. Mimi ningemwamini kwa hilo tu. Wao walicheka.

Aliyeanza kucheka ni Ngedere. Ngedere alikaa juu ya mkuyu, alikula matunda, na hakuwahi hata siku moja kuweka ulimi wake kwenye jiwe. Chumvi hakuipenda. Alichopenda ni kusikilizwa, na miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa akisimama chini ya mti wake. Safari hii wakasimama.

"Juzi maji, leo jiwe," akasema, mkia unaning'inia. "Kesho mtaambiwa ni nyasi. Mimi sisemi kitu. Mimi nauliza tu."

Wakacheka, kwekwekwe. Kesho yake akauliza tena. Mbona mababu walilamba na hawakufa? Kwarara analipwa nini na viboko? Mimi nauliza tu. Kwarara akapita chini ya mkuyu akamjibu kila swali, taratibu, kwa heshima. Ngedere akawa anakuna mgongo. Akimaliza kujibiwa anauliza lilelile upya. Kuuliza si kosa, watoto wangu, ulizeni mpaka mchoke. Lakini yule hakuwa anauliza. Yule alikuwa anatupa maganda tu chini ili wengine wateleze.

Msidhani nina hasira na Ngedere peke yake. Njooni kwa mkuu.

Nyati alilifunga jiwe. Hapo alifanya vyema. Lakini alilifungaje? Akasimama barazani, akapiga kwato, akasema jiwe limefungwa, na atakayeuliza sababu ni adui wa bonde. Kwarara akamwomba ampe nafasi awaeleze wenzake, wapo wenye hofu ya kweli, wapo mama wanaonyonyesha na wana njaa ya chumvi. Nyati akamwambia arudi kwenye matope yake, kusema na watu ni kazi ya wakubwa.

Bi Pundamilia yeye hakucheka na hakubisha. Alimfuata Kwarara, mtoto wake nyuma yake, ti, ti, ti, akamuuliza jiwe litafungwa mpaka lini.

"Sijui, mama," Kwarara akasema. "Nikijua nitakuja kwako kwanza."

"Na huyu atalala wapi mpaka hapo?"

Kwarara akamtazama mtoto. Akaruka moja kwa moja mpaka kwa Nyati, akamwomba kitu kimoja tu: watoto wote wasio na majina walale ndani ya duara mpaka jiwe lifunguliwe. Kitu chepesi. Hakina gharama. Ni kusogea kidogo tu. Nyati akakataa. Akasema desturi ni desturi, akilegeza hapa watamwona dhaifu, na kama mama wana wasiwasi basi wakae macho.

Mnaona mambo hayo? Unamwambia mama asimpeleke mtoto kwenye jiwe, halafu asiyepelekwa kwenye jiwe unamtupa kwa simba. Na unataka akutii, na akushukuru.

Alitii. Bi Pundamilia alitii peke yake, ukingoni, macho hayafumbiki. Wenzake wakapita wakimsema. Yule mwanawe wakamwita kile kitoto. Kile kitoto kimelala. Kile kitoto kinapita. Mtoto hakuelewa, akawa anawafuata watoto wenzake na masikio yake makubwa akitaka kucheza, na mama zao wanawavuta watoto wao. Siku simba aliponguruma karibu, Bi Pundamilia alimsukuma mtoto chini ya tumbo lake akasimama juu yake mpaka jua likatoka. Bado alitii.

Asubuhi moja, umande ungali majanini, alitoka kumtafutia mtoto majani mabichi. Akapita upande wa jiwe. Akasikia.

Lap, lap, lap.

Akachungulia. Nyati. Nyati mwenyewe, mkuu wa bonde, aliyelifunga jiwe, ulimi nje, analamba. Na kando yake ndama wake mdogo, anasubiri zamu. Nyati akatoa ulimi, ndama akaweka wake palepale, na baba akamtamkia jina kwa sauti ya chini.

Nyati akainua kichwa, akamwona. Mnadhani aliona haya? Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha barazani: "Mlete na wako, mama. Upesi. Na haya yaishie hapahapa."

Mnaona alivyomfunga mdomo? Kwa kile kitu alichokuwa anakililia.

Najua mnachosema. Angekataa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba na watoto wako wamelala ndani, mlango umefungwa. Yeye alifikiri, ikiwa mkuu analamba na anamlambisha mwanawe wa kumzaa, basi Kwarara amekosea tena, au hatari si kubwa kama tulivyoambiwa. Ningekuwa mimi ningefikiri hivyo hivyo. Akamleta mtoto. Nyati akalamba, lap, lap, lap. Mtoto akaweka ulimi wake mdogo. Nyati akatazama majani yaliyolowa, akatamka jina la kwanza lililomjia. Umande.

Usiku ule Nyati akasogea kidogo gizani, na Umande akalala katikati ya duara. Mama yake akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu amzae.

Halafu ulimi ukavimba.

Ulivimba wa ndama wa Nyati, na wa Umande pia. Ndama alikuwa mnene, mwenye nguvu, na baba yake aliagiza majani laini kutoka kila pembe ya bonde. Akaugua, akapona. Umande alikuwa mdogo, miguu mirefu na masikio tu. Maziwa yakamshinda kumeza. Kwarara akakaa naye mchana kutwa, akimdondoshea maji kwa mdomo wake mrefu, tone, tone, tone. Mama akimwita jina lake masikioni, na masikio yanatikisika. Akaita tena, yakatikisika. Akaita tena.

Hayakutikisika.

Na hapo ndipo ilipobidi bonde zima linyamaze na kulia na yule mama. Badala yake Ngedere yule akainuka juu ya mkuyu kusema jiwe limefungwa na watoto bado wanakufa, kwa hiyo kulifunga hakusaidii, yeye anauliza tu. Na Nyati akaita baraza, akasimama na kwato zake, akatangaza kwamba kuna mama amevunja amri, amempeleka mtoto kwenye jiwe kwa siri, na matokeo yake kila mmoja ameyaona. Vichwa vyote vikamgeukia Bi Pundamilia.

Akatoka ukingoni. Hakupiga kelele. Akapita katikati yao mpaka akasimama mbele ya Nyati, pua kwa pua.

"Sema nani alilamba kabla ya mwanangu," akasema.

Nyati akarudi nyuma hatua moja.

"Basi nitasema mimi. Ulilamba wewe. Ukamlambisha mwanao, kisha ukaniita mimi ili ninyamaze. Kwarara alituambia kweli, na alipokosea alituambia amekosea. Wewe ulijua ni kweli, ndiyo maana ulikwenda kwa kujificha. Nilitaka mwanangu awe na jina. Sasa jina ninalo. Mtoto sina."

Kisha nyumbu mmoja akainama chini, akaondoka. Swala akafuata. Hakuna aliyepigana na Nyati, hakuna aliyemfukuza. Walimwacha amesimama pale barazani anazungumza na kwato zake mwenyewe. Wakaenda kukata miiba, wakalizungushia jiwe wao wenyewe, na jioni ile watoto wasio na majina wakaitwa wote waingie katikati ya duara. Wakasogea kidogo tu, na nafasi ikatosha. Siku zote ilikuwa inatosha.

Mvua ikanyesha, jiwe likaoshwa, Kivimba kikaisha. Tangu hapo bondeni jina hutolewa kwa mdomo, mbele ya wote, bila mate ya mtu. Ngedere alihamia mti mwingine, na nasikia huko nako anauliza tu.

Walipotaka kutoa jina la kwanza kwa njia hiyo mpya, walimwendea Bi Pundamilia, wakamwomba alichague yeye. Walidhani wanampa heshima. Wakamtajia na jina waliloliona zuri, Umande. Bi Pundamilia akatikisa kichwa.

"Hilo lina mwenyewe," akasema. Akaenda zake malishoni.

Basi shikeni neno langu, wadogo kwa wakubwa. Anayechunguza na kusema nilikosea, msikilizeni, ndiye anayeangalia. Anayeuliza bila kutaka jibu, mwacheni mtini. Na wewe unayetoa amri kwa ajili ya afya za watu, itii wewe kwanza, na umpe mama mahali pa kumlaza mtoto. Usipofanya hivyo, mtoto akifa usitafute wa kumlaumu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mnaotaka kucheka nendeni nyumbani, mimi leo siwezi.