Utomvu Uliogoma Kugandisha Maziwa

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja aliyesimamia banda la akina mama wa kikundi. Walikuwa wakikinga utomvu wa mapapai mabichi, wanaukausha kwenye tanuri, na unga wake unanunuliwa kwa kulainishia nyama. Ndani ya utomvu mna kimeng'enya, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, na ndicho kinachofanya kazi yote. Kikifa, umebaki na vumbi. Kujua kama kiko hai, akina mama wale walikuwa na desturi yao: wanadondosha utomvu kwenye kikombe cha maziwa vuguvugu. Maziwa yakiganda, kiko hai.

Shida ilikuwa tanuri. Joto lilikuwa linakiua. Mnunuzi akawaonya: mkiniletea tena unga uliokufa, msinitafute. Kikundi kikaleta fundi mgeni, bwana mmoja asiye na maneno mengi. Siku ya kwanza tu akaanza kumimina dawa fulani ya kichupani kwenye ndoo za utomvu.

Mama akamkodolea macho. Mbona hacheki na watu? Mbona kile kichupa hakiachi mezani? Fundi alipotoka, mama akachota kidogo, akatia kwenye maziwa. Hayakuganda. Akarudia. Wapi! Wewe ungefikiri nini? Usinidanganye, uko ibadani.

"Umekiua," mama akamwambia.

"Sijakiua, mama. Dawa hii imekaa pale pale kimeng'enya kinapofanyia kazi, imekishikilia. Sasa hivi hakiwezi kazi, lakini kikishikiliwa hivyo hakiharibiki upesi kwa joto. Tukishakausha tunakiosha, kinaachiliwa."

"Nani kakutuma?"

"Mama, subiri tukaushe kwanza."

"Nimekuuliza, nani kakutuma?"

Hakungoja jibu. Akabeba ndoo za fundi, akazimwaga shimoni zote. Lilisalia sinia moja tu, lililokuwa limeshaingia tanurini. Nafasi iliyobaki akaijaza utomvu wake mwenyewe, usioshikwa na kitu, ule unaogandisha maziwa kufumba na kufumbua.

Unga ulipotoka, wakakusanyika. Wakapima wa mama. Maziwa yakabaki maji. Wakapima wa fundi. Maji vilevile.

"Mnamwona huyu?" mama akasema, karibu acheke.

Fundi akachukua unga wake, akauosha kwa maji ya kuiondoa ile dawa, akautia kwenye kikombe. Maziwa yakaganda mpaka kijiko kikasimama.

"Na zile ndoo..." mama akaanza kusema. Zile ndoo alizimwaga kwa mkono wake mwenyewe, na mnunuzi alikuwa ameshafika getini.

Sasa sisi. Si tunajifahamu? Mtu akituzuia, hatumuulizi ameona nini, tunauliza katumwa na nani. Sitawadanganya, si kila anayekuzuia anakupenda. Wapo wanaokubana wakumalize. Lakini yupo anayekushika kwa sababu ameona joto linalokuja, na wewe umeona tu kwamba umeshikwa. Binti, mama yako aliikataa ndoa ile ya haraka haraka, ukasema ana wivu. Ndugu, Mungu amekukalisha chini kidogo, wewe unakesha unakemea pepo. Unamkemea nani hasa?

Naona mnaitikia amina kwa nguvu. Basi niseme lililo moyoni mwangu. Wiki hii kamati yetu ya ujenzi imemwondoa mama mmoja. Kila tulipotaka kupandisha paa, alisema tungoje, ukuta haujashika. Tumenong'ona kwamba kanisa la jirani limemtuma atucheleweshe. Jana mafundi walipandisha mbao, na asubuhi hii, mkitaka kujua kwa nini tunasali hapa nje juani, nendeni mkauone ule ukuta. Mama mwenyewe amekuja ibadani. Amekaa kule nyuma kabisa, peke yake, benchi zima mmemwachia.

Nani anakwenda kukaa naye?