Bomba Lililovaa Manyoya

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mvua, pakawa baridi, pakawa kuni mbichi. Maji ya moto yako wapi?

— Yako mlimani!

Na mwenye kuoga?

— Yuko bondeni!

Basi sogeeni motoni. Anayetaka hadithi ya kuchekacheka aende kwa jirani, mlango uko pale.

Hapo kale palikuwa na Chui. Pipa lake la maji lilikaa mlimani juu ya moto. Bafu lake lilikuwa bondeni, mbali, maana hakutaka moshi uguse manyoya yake. Kati ya pipa na bafu palilazwa bomba refu la mianzi. Wanyama wadogo ndio waliochochea moto, na ndio waliomfungulia maji.

Kila jioni Chui aliingia bafuni.

"Maji?"

"Yanakuja, Bwana."

"Ya moto?"

"Ya moto yako nyuma ya ya baridi, Bwana."

Chururu, chururu, chururu. Baridi! Na Chui hajui kungoja. Kwap! Akamla aliyefungua.

Siku ya kwanza aliliwa Panya. Siku ya pili aliliwa Sungura, huyohuyo mnayemsifia ujanja. Aliliwa akiwa bado anajieleza. Siku ya tatu aliliwa Nguchiro. Wakabaki watatu: Pimbi, Kindi, na Fuko, yule mchimba mashimo asiyeona vizuri.

"Kesho zamu yako, kipofu," Chui akasema.

"Bwana, nikuambie kweli?"

"Sema, na usiirefushe."

"Hayo maji ya baridi ni ya jana. Yamelala bombani, yamepoa. Hamishia bafu mlimani."

"Nioge moshini, mimi? Hapana!"

"Basi nilifukie bomba ardhini. Siku kumi."

"Siku kumi! Nataka kesho!"

"Basi bomba livishwe manyoya. Wewe ukiyavaa unapata joto, nalo litapata. Joto halitatoroka njiani."

"Hilo ndilo neno. Nyoa!"

Fuko akaanza na yake mwenyewe. Kwaru, kwaru, kwaru. Yakatosha kipande kama kidole. Akamnyoa Kindi. Kwaru, kwaru, kwaru. Akamnyoa Pimbi. Kwaru, kwaru, kwaru. Wote watatu wakatetemeka, tetetete, na bomba bado liko uchi zaidi ya nusu.

"Nani mwingine ana manyoya?" Chui akauliza.

"Walikuwapo Panya, Sungura na Nguchiro, Bwana. Uliwala na manyoya yao."

Chui akakohoa kidogo. "Sasa?"

"Mimi sioni vizuri, Bwana. Wewe mwenye macho, tazama. Nani hapa bado ana manyoya?"

Chui akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akajitazama.

"Yataota tena?"

"Yataota."

"Upesi?"

"Sikusema upesi, Bwana."

Lakini Chui alikuwa ameshalala chini, shingo ameinyoosha. Anayetaka maji ya moto hasikii jingine. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ncha ya mkia. Bomba likavaa lote.

"Maji?"

"Yamefika, Bwana."

"Ya moto?"

"Ya moto!"

Chururu! Mvuke fuu! Chui akacheka mpaka akapaliwa. "Ondokeni, vipara nyie! Nafungua mwenyewe."

Wakaondoka. Fuko akawaingiza wenzake shimoni kwake, wakabanana.

Chui akafungua, akafungua, akafungua. Kule mlimani moto ukazimika.

"Kindi! Chochea!"

Kimya.

"Pimbi! Kuni!"

Kimya. Maji yakaja upesi, kama alivyotaka. Baridi, upesi.

Mvua ikamkuta Chui mdomoni mwa shimo, meno yakigongana.

"Fuko, ndugu yangu, nifungulie."

"Mlango uko wazi, Bwana. Karibu ndani."

Akaingiza pua. Akaingiza kucha. Akasukuma.

"Sienei!"

"Kweli, Bwana, huenei."

"Nifanyeje basi?"

"Manyoya yako yako kule bombani."

Asubuhi walimkuta amelikumbatia bomba, amekufa, amekakamaa kama gogo. Bomba limevaa, mwenyewe yuko uchi.

Ndani ya shimo nako, Pimbi hakuamka. Fuko alimpapasa uso, akampapasa miguu, akamwita mara tatu. Kisha akachimba, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Wakabaki wawili, vipara, na mvua inanyesha tu.

Bomba langu limekauka hapo. Kama lina tone, likamueni wenyewe.

Na funzo, msije mkasema sikuwapa: mtiini mkubwa. Akitaka maji ya moto, mpeni. Akiyataka upesi, mpeni upesi. Fuko alimtii Chui kwa kila neno, na hakumwambia uongo hata mmoja.