Nguchiro na Nyumba za Vichuguuni

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama bado walikuwa wakipanga foleni bombani kama sisi, kulikuwa na mji mkubwa, na ndani ya mji huo mtaa mmoja uliosahauliwa. Uliitwa Vichuguuni. Waliokaa huko walikuwa wadogo watupu: kina Kobe, kina Kanga, kina Panya-buku na kina Nungunungu. Nyumba zao zilikuwa za udongo, mabati yameoza, na bomba la mtaa mzima lilikuwa moja, nalo lilitoa maji siku likijisikia. Masika yakija, mvua iliingia mlango wa mbele ikatokea wa nyuma bila kupiga hodi.

Katika mtaa huo alikaa Nguchiro. Alikuwa mwanamke wa mwili mdogo, mkia mrefu na macho yasiyotulia. Jambo likihitaji akili, majirani walikwenda kwake. Fisi, mtoza ushuru wa mji, alikuwa hakanyagi tena Vichuguuni tangu Nguchiro alipomnong'oneza kwamba mtaa mzima una upele wa kuambukiza.

Lakini Nguchiro hakuzaliwa hapo. Alizaliwa mtaa wa Mitini, ng'ambo ya mto. Alipokuwa mtoto, wakubwa wa mji walikuja Mitini na makaratasi. "Hameni mwaka mmoja tu," walisema. "Tutawajengea nyumba bora, kisha mtarudi." Wakahama. Nyumba zikajengwa kweli, nzuri, za ghorofa, wakaingia shemeji za Nyati na binamu za Kiboko. Mama yake Nguchiro alingoja katika kibanda cha turubai mpaka umauti ukamkuta, karatasi ya ahadi ikiwa imekunjwa chini ya mkeka wake. Tangu siku hiyo Nguchiro alijiapiza kwamba hakuna mkubwa atakayemdanganya tena.

Basi mji ukapata mkuu mpya, Tembo. Asubuhi moja Tembo akaja Vichuguuni, ndi, ndi, ndi, na pembeni yake Kifaru, mhandisi wa mji, kamba ya kupimia ikining'inia shingoni. Kifaru huyo macho yake yalikuwa hafifu, lakini masikio yake yalisikia hata siafu wakihama.

"Ndugu zangu," Tembo alisema, "fungu la fedha za makazi limepatikana. Tutajenga nyumba za umma hapahapa. Hakuna atakayehama mtaa huu. Tutaanza na uwanja ule mtupu. Mkishaingia nyumba mpya, ndipo tutabomoa hizi za zamani."

Kobe akauliza, "Na kodi, Mzee?"

"Hiyohiyo mnayolipa sasa."

Kanga akauliza, "Na maji?"

"Kila nyumba na bomba lake."

Kanga akageuka kuitazama nyumba yake. Yeye na Nguchiro walitenganishwa na ukuta mmoja tu wenye ukungu. Mtoto wake wa pekee, Kidoa, alikuwa akikohoa tangu masika ya mwaka uliopita, na mganga alikwisha kusema kwamba dawa yake ni chumba kikavu.

Nguchiro akasogea mbele. "Mheshimiwa, nyumba hizo ni za ghorofa?"

"Za ghorofa."

"Na funguo watakaa nazo kina nani?"

"Nyinyi wenyewe."

Nguchiro akainama kwa adabu. Moyoni akasema, ni maneno yaleyale, ila safari hii yametoka kwenye mdomo mrefu zaidi.

Mchana ule Kanga alimfuata Nguchiro, akamkuta anaanika dagaa.

"Jirani, mimi nimemwamini huyu Mzee," alisema.

"Mama yangu naye aliamini."

"Lakini hawa hawatuhamishi. Wanajenga kwanza. Si umesikia?"

"Nimesikia. Mvuvi naye hutanguliza chambo."

"Na kama ni kweli?"

"Kanga, wewe hukuzika mtu Mitini," Nguchiro alijibu. "Mimi nilizika. Niachie jambo hili."

Kanga akaingia ndani. Kidoa alikuwa anakohoa, kho, kho, na Nguchiro akiwa nje alimsikia, akaendelea kugeuza dagaa.

Kesho yake alikwenda kwa Panya-buku, ambaye nyumba yake ilipakana na ule uwanja mtupu.

"Wewe na wanao mnaweza kuchimba kutoka jikoni kwako mpaka katikati ya uwanja bila udongo wa juu kuanguka?"

Panya-buku akacheka. "Unamuuliza samaki kama anajua kuogelea?"

"Chimbeni vyumba virefu, vingi. Udongo wa juu uwe kama ukoko wa ugali. Utubebe sisi, usimbebe Tembo."

Wakachimba siku sita. Udongo waliutoa kwa mapakacha na kuumwaga mtoni, kidogokidogo, kama wamama wanaotupa takataka. Waliojua walikuwa wachache, na Kanga alikuwa mmoja wao. Nguchiro alimwomba anyamaze kwa ajili ya mtaa, naye akanyamaza.

Siku ya kuweka jiwe la msingi ikafika. Tembo alivaa kofia. Kifaru alikuja na vigingi vyake vya kupigilia ardhini. Mtaa mzima ulijipanga pembeni ya uwanja.

"Mhandisi," Nguchiro alisema kwa sauti ya upole, "mimi ni mjinga wa mambo haya. Lakini wazee wetu walisema uwanja huu una tumbo. Labda ungegonga kwanza."

Kifaru akakohoa kwa dharau, akapiga kwato. Kutoka chini kukajibu: ndu, ndu, ndu. Walikuwa watoto wa Panya-buku wanapiga debe ndani ya shimo, upande wa jikoni kwao.

Kifaru akasimamisha masikio. Akapiga tena, na ardhi ikajibu tena.

"Mzee," alimwambia Tembo, "hapa chini pana uwazi mkubwa."

"Uwazi gani? Majani yameota vizuri," Tembo alisema, akapiga hatua kwenda kwenye jiwe lake.

Mguu wa mbele ukazama, didi. Wa pili ukafuata. Mkuu wa mji akabaki kifudifudi, mkonga umetapakaa vumbi, kofia imemfunika jicho. Ilibidi Kifaru amfunge kamba ya kupimia kiunoni na kumvuta, na kila alipovuta, ardhi ilimegeka, puu, puu, mpaka naye mwenyewe akaingia nusu.

Walipotoka, Tembo hakuwa na hasira. Alisimama ukingoni akilitazama shimo muda mrefu. Nguchiro alidhani angetukana. Badala yake aliona jicho la Tembo limelowa.

"Poleni sana, ndugu zangu," Tembo alisema. Akaondoka taratibu, akikanyaga kwa uangalifu kila hatua.

Vichuguuni kulichezwa ngoma siku ile. Nungunungu alimbeba Nguchiro mgongoni mpaka akachomwa na miiba, wote wakacheka. Kanga peke yake hakutoka nje.

Baada ya siku chache, karani wa mji alibandika tangazo kwenye nguzo ya bomba. Kobe aliyejua kusoma akawasomea: ardhi ya Vichuguuni haifai kujengwa. Fungu la makazi limepelekwa mtaa wa Mlimani.

"Sasa mtaona," Nguchiro alisema. "Ngojeni muone shemeji za nani wataingia huko Mlimani."

Wakangoja. Mwaka ukapita, nyumba zikasimama. Nguchiro akaenda mwenyewe, maana alitaka kurudi na majina.

Mlangoni mwa nyumba ya kwanza alimkuta binamu wa Panya-buku anafagia. Ya pili alikaa Kuchakulo na watoto wanne. Ya tatu ilikuwa ya Pimbi, mjane, muuza vitumbua. Nguchiro alipita mlango kwa mlango akitafuta mkubwa mmoja tu, hata mtoto wa Nyati, hata mpwa wa Kiboko. Hakumwona.

"Karibu ndani, dada," Pimbi alimwambia. "Kunywa maji." Akafungua bomba jikoni kwake, chwaa, maji yakajaa kikombe.

Nguchiro alikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Hakuweza kunywa.

Alipofika nyumbani mvua zilikuwa zimeanza. Sasa mtaa ulikuwa na jina baya mjini. Mafundi bomba hawakutaka kuja kuchimba, na shule iliyokuwa ijengwe ikapelekwa kwingine, kwa kuwa nani ataweka watoto juu ya ardhi yenye mashimo? Wenye nguvu walikwisha kuhama. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda.

Katikati ya masika Kidoa akaacha kukohoa. Kanga alimfunga kitambaa cheupe, majirani wakaja kumsaidia kuzika. Nguchiro alichimba kaburi yeye mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu kwa neno hata moja, ila Kanga alimtazama mara moja tu na kusema, "Niliyajua yale mashimo. Nilinyamaza pamoja na wewe."

Siku ya tatu baada ya mazishi, Nguchiro alikwenda ofisini kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, keti."

Hakuketi. "Mzee, ardhi yetu ni nzima. Yale mashimo tuliyachimba sisi. Mimi ndiye niliyepanga. Watoto wa Panya-buku ndio waliokuwa wakipiga debe chini. Niliogopa mngetufanyia kama tulivyofanyiwa Mitini."

Tembo akaweka kalamu chini. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa."

"Mmeona Mlimani wamepata, ndipo ardhi yenu ikapona?"

"Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Njoo uone, Mzee. Nitakuonyesha alama za meno ukutani mwa mashimo."

"Nitaona mashimo," Tembo alisema. "Mashimo nimekwisha kuyaona. Kifaru aliyapima, nikaandika kwa mkono wangu. Mguu wangu mwenyewe ulizama, Nguchiro. Nikuamini wewe au mguu wangu?"

Nguchiro akapiga magoti. Hakuwahi kumpigia magoti mkubwa yeyote. "Nisadiki mara hii moja tu. Nifunge ukitaka, lakini wajengee wale waliobaki."

Tembo alimwinua kwa mkonga, kwa upole, jambo lililomuumiza kuliko kofi. "Sina hasira na wewe. Mwenye dhiki husema lolote. Hata ningekusadiki, fungu lile nililitafuta miaka mitatu, sasa limekwisha kuwa kuta na madirisha. Jingine sitaliona katika uhai wangu. Na likija, nani atakubali kulipeleka Vichuguuni? Kifaru?"

Akamfungulia mlango. Nguchiro alirudi kwa miguu, mvua ikimnyeshea.

Kanga alikuwa kizingitini, anazoa maji kwa kata na kuyamwaga nje.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Akasemaje?"

"Amesema namdanganya."

Kanga akatikisa kichwa, akaendelea kuzoa. Nguchiro akatafuta chombo, akainama kando yake, akaanza kuzoa naye. Maji waliyoyatoa yaliteremka kizingitini, yakazunguka ukuta, yakaingia tena kwa nyuma.

Hadithi yangu naitua hapa, wanangu, nayo yasema hivi: werevu usiochunguza humfukuza mwizi na mleta heri kwa fimbo moja.