Kwa Nini Watu wa Kighoro Hupima Njia Mlango kwa Mlango

Siku ile walikuwapo watu watano. Alikuwapo Mzee Kajiru, mtunza pembe ya kijiji. Alikuwapo Mrindoko, mpima kamba, na Mbonea, mwenye ng'ombe arobaini. Alikuwapo Naetwe, mwenye mimba ya miezi minane. Wa tano alikuwa Nakunda, mjane wa nyumba ya mwisho. Wengine walichungulia tu juu ya nyua zao, na anayechungulia hahesabiwi kuwa alikuwapo.

Lakini siku hiyo haikuja yenyewe, ililetwa na mambo yaliyotangulia.

Zamani hizo, njia ya Kighoro haikuwa ya mtu. Ilianza juu mlimani, kwenye uwanja wa Mzee Kajiru, ikashuka kati ya nyumba tisa, ikapinda penye nyumba ya Nakunda, kisha ikafika chemchemi. Kila mwaka, masika yakiisha kuila njia, Mzee Kajiru alipuliza pembe ya msaragambo, kazi ya wote, na watu wote wakatoka na majembe. Walifukia mashimo pamoja, wakatukanana kwa utani, wakaimba, halafu wakala kande kutoka chungu kimoja.

Nakunda aliipenda siku hiyo kuliko siku nyingine zote za mwaka. Mumewe alikuwa amefariki. Binti yao wa pekee, Nanzia, aliolewa ng'ambo ya nyika, mwendo wa siku tatu, na salamu zake zilikuwa zimeacha kufika. Siku ya msaragambo Nakunda aliongea mpaka sauti ikamkauka, na kesho yake alinyamaza tena.

Sasa ikatokea mwaka mmoja kazi ilikuwa kubwa na chakula kilikuwa kidogo. Mbonea akasimama katikati ya watu, akasema, "Jamani, wengine huja hapa na jembe, na wengine huja na kijiko."

Watu walicheka. Lakini neno lile lilibaki, kama mchanga unavyobaki katika mboga. Kila mtu akaanza kumtazama mwenzake anachota kiasi gani. Wazee wakakaa, wakakata shauri: njia ikipita mbele ya ua wako, kipande hicho ni chako. Utakifukia wewe, kwa mawe yako na mgongo wako, kabla mvua za vuli hazijaanza. Atakayeshindwa, kiwanja chake kitapewa atakayemalizia kazi.

Wakati huo ua wa Kighoro ulikuwa wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo watu wa milimani hupanda kuonyesha mpaka. Mrindoko akasuka kamba ya magome ya mgomba, akaipiga vifundo, akaanza kupima kutoka sale la kwanza la kila ua mpaka sale la mwisho. Kila kifundo kilidai vikapu vitano vya mawe. Ua wa Naetwe ulikuwa na vifundo kumi. Mbonea alikuwa na vifundo vinane tu, maana boma lake lilikuwa jembamba kwa mbele na pana kwa nyuma. Ng'ombe wake arobaini walishuka njia nzima kila asubuhi na kuipanda kila jioni, lakini kamba haikupima kwato.

Walipofika kwa Nakunda, kamba ilikwisha, ikaanza tena, ikakwisha tena. Marehemu mumewe alikuwa amepanda masale pande zote za kona ile. Alitaka boma kubwa la watoto wengi, na mtoto alikuja mmoja.

Mrindoko aliona aibu. "Kamba imekwisha mara tatu, mama."

"Basi anza ya nne, baba," alisema Nakunda.

Vikawa vifundo thelathini na viwili.

Na tazameni mambo: katika Kighoro nzima hakuna aliyeitumia njia ile kidogo kama Nakunda. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kijito, akichota maji hapohapo. Hakuwa na ng'ombe wa kunywesha wala mtoto wa kumtuma. Aliketi ndani ya ua wake akichambua maharage, akisikiliza miguu ya watu ikipita upande wa pili wa majani. Wote walipita, na hakuna aliyeingia. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Aliyekwenda chemchemi alikuwa na haraka, na aliyerudi alikuwa na mtungi kichwani. Baadhi yao walipaza sauti, "Hujambo, Mama Nanzia!" naye aliitika, "Sijambo, karibu!" Mpaka aseme karibu, miguu ilikuwa imeshavuka kona.

Kazi ikaanza. Na haikuwa kama zamani, kwa kuwa kila mtu alitoka kwa saa yake, akalima kipande chake, akarudi ndani. Siku nzima ulisikia jembe moja likigonga, likanyamaza, kisha jingine mbali likagonga. Hakuna aliyeimba, maana mtu mmoja haitikii wimbo wake mwenyewe. Watu walichimba mawe mekundu ya kilimani, kila mmoja akapanga mbele ya ua wake vizuri kabisa, akafagia, akatazama, akaridhika.

Ila kulikuwa na kosa. Kati ya ua mmoja na ua mwingine palikuwa na nafasi, upana wa hatua tatu au nne, ambapo mbuzi walipenya kwenda malishoni. Hapo hapakuwa na sale, na kamba ilikuwa imepima masale. Kwa hiyo zile nafasi nane hazikuwa za mtu. Kila mmoja alipoinua kipande chake kwa mawe, maji ya manyunyu yalikimbilia kwenye nafasi, yakachimba. Njia ikawa nzuri mbele ya kila nyumba, na ikawa na shimo baada ya kila nyumba.

Nakunda alilijua kosa hilo kabla ya mtu yeyote, kwa masikio. Alisikia miguu ikija sawasawa, halafu ikayumba, halafu mtungi ukalia.

Siku moja akamsikia Naetwe. Mume wa Naetwe alikuwa amemaliza fungu lao, kisha akaenda nyikani kutafuta chumvi, na mwanamke alibeba maji mwenyewe, na tumbo mbele. Alijikwaa kwenye nafasi iliyo juu ya ua wa Nakunda. Hakuanguka. Alisimama tu, akahema muda mrefu, akasema peke yake, "Tulia mwanangu, tumepona." Kisha akaendelea.

Nakunda alikuwa na kikapu cha mawe kichwani wakati huo, kikapu chake cha kwanza, juu ya ngata ya majani ya mgomba. Alikuwa anakipeleka kwenye kifundo chake cha kwanza. Akatoka nje, akalitazama lile shimo, akakimwaga pale. Akasema moyoni kwamba ni hiki tu, kesho ataanza la kwake.

Lakini shimo halikushiba kwa kikapu kimoja. Na liliposhiba, akakumbuka kwamba Naetwe huvuka nafasi nyingine sita kabla hajafika kwake. Na Mzee Kajiru, ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu, huvuka zote nane. Basi kila alfajiri, watu wakiwa mazizini wanakamua, Nakunda alipanda mlima na mawe meusi ya kijitoni, mawe ya mviringo, akashuka na kikapu kitupu. Hakutaka aonekane. Mtu akimkuta anafukia pasipo pake ilhali kwake kuko wazi, atasema upweke umemharibu akili. Tena pengine angesema kweli, aliwaza, akatabasamu peke yake.

Mwezi ukaisha. Alipomaliza nafasi ya nane, mawingu ya vuli yalikuwa yameshaonekana juu ya mlima. Akaanza fungu lake mbiombio, mabega yakamvimba, na siku ya ukaguzi ilimkuta amefika kifundo cha saba.

Ndiyo siku ile niliyoitaja.

Mzee Kajiru alishuka na fimbo yake, Mrindoko akihesabu vifundo kwa sauti. Mbonea aliwafuata, kwa kuwa kiwanja chake, kwa upande wa nyuma, kilishuka mpaka kupakana na cha Nakunda. Naetwe alikuwa akirudi kutoka chemchemi, akashusha mtungi apumzike. Nakunda alikuwa amesimama mlangoni pa ua. Nyuma yake palikuwa na mkeka uliokunjwa, chungu, na jembe vimefungwa kwa kamba.

"Saba," alisema Mrindoko. Akarudia kuhesabu, kana kwamba vifundo vingeongezeka kwa kuonewa huruma. "Saba, mzee. Vimebaki ishirini na vitano."

Mbonea akakohoa. "Tulikubaliana wenyewe, wazee wangu. Mimi nitamalizia. Na huyu mama hatalala nje, nitamjengea kibanda kule juu, karibu na zizi. Atasikia ng'ombe, hatakuwa mpweke."

Alisema kwa moyo safi, na ndiyo maana liliuma zaidi.

"Nimeshafunga vyangu," alisema Nakunda. "Nakuomba kitu kimoja, baba. Masale ya kona usiyakate. Aliyapanda mwenyewe."

Mzee Kajiru alikuwa akigusagusa njia kwa fimbo. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Mimi sioni vizuri. Nimeshuka kutoka kwangu mpaka hapa na sikujikwaa hata mara moja. Kati ya ua na ua pamefukiwa na nani? Mrindoko, kamba yako ilipita pale?"

Mrindoko akaitazama kamba yake. "Haikupita, mzee. Nilipima masale."

"Si wewe uliyefukia pale kati ya kwako na kwangu?" aliuliza Naetwe.

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

"Na tumbo hili?" Naetwe akashika kiuno. "Shemeji, na yale maharage niliyokuletea ya shukrani?"

"Niliyala."

"Uliyala ya nini, kama hukufanya kitu?"

"Nilidhani umenipenda tu kama jirani," alisema Mrindoko, na hata nyuma ya ua watu wakaangua kicheko.

Naetwe hakucheka. Aliinama taratibu, mkono mmoja tumboni, akatazama nafasi iliyokuwa miguuni pake. Mawe ya njia nzima yalikuwa mekundu, lakini pale yalikuwa meusi, ya mviringo. Akageuka, akavitazama vifundo saba vya Nakunda. Vilikuwa vyeusi vilevile.

Mrindoko akapanda mbio mpaka juu, akarudi anatweta. "Zote nane," alisema. "Zote nane ni za kijitoni."

Mbonea akaligusa jiwe moja jeusi kwa mguu. "Ng'ombe wangu wamepita juu ya mawe hayo kila siku," alisema, "na mimi nilidhani njia imejitengeneza."

"Mama Nanzia," alisema Mzee Kajiru, "mawe hayo yangetosha kumaliza sehemu kubwa ya fungu lako. Kwa nini?"

Nakunda alitafuta jibu kubwa, hakuliona. "Niliwasikia mkijikwaa," alisema. Na alipoona wanangoja, akaongeza, "Nakaa huku ndani, mzee. Nawajua kwa miguu. Wewe unatanguliza fimbo mara mbili kisha mguu. Naetwe anaburuta wa kushoto tangu tumbo liwe kubwa. Mbonea anatembea kama mtu anayedaiwa."

Naetwe alilia. Alikuwa amepita kwenye ua ule kila siku kwa miaka minne, na hakujua Nakunda anatembeaje.

Mzee Kajiru akasema kamba ile ilipimwa vibaya, na aliyekosea si mpimaji bali ni wao wote. Akasema Nakunda afungue mizigo yake, na tangu sasa asidaiwe jiwe wala kikapu mpaka afe.

"Hapana, mzee," alisema Nakunda. "Mkinisamehe kabisa, mtapita kama mlivyokuwa mkipita. Nipeni na mimi kitu cha kufanya pamoja nanyi."

Wakakaa palepale njiani, wakapima upya. Walisema kamba isiguse ua tena. Itaanzia mlangoni pa mtu na kuishia mlangoni pa jirani wa chini yake, hivyo kila mmoja atavuka nafasi iliyokuwa haina mwenyewe na kufukia mbele ya nyumba isiyo yake. Anayefikiwa mlangoni atamkaribisha ndani aliyemfikia. Kutoka mlango wa Nakunda mpaka chemchemi watafukia watu wote pamoja, siku ya mwisho. Mwenye mifugo ataongeza mawe kwa hesabu ya kwato, na Mbonea alikubali kabla hajaulizwa. Chakula cha siku hiyo kitapikwa kwa Nakunda.

Nakunda akaingia ndani kufungua mizigo. Alianza na chungu.

Na tangu siku hiyo, watu wa Kighoro hupima njia mlango kwa mlango. Hata sasa, nyumba zimekuwa za bati na kifusi huletwa kwa lori, wenye nyumba wakitozwa mchango wa barabara ya mtaa wao hawaulizwi ua una urefu gani. Huulizwa jirani yao wa chini ni nani. Na mgeni akishangaa kumwona mtu anafukia shimo mbele ya nyumba ya mwingine, huku mwenye nyumba anamwita ndani ale, huambiwa habari hii.

Naetwe alijifungua salama, mtoto wa kike. Nanzia hakurudi. Nakunda aliishi miaka sita zaidi, na katika miaka hiyo alipikia wageni mara sita.