Mkono Kati ya Kuta Mbili

Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Kimya. Ndivyo alivyosikia usiku wa manane, wapendwa, mwanamke mmoja kijana aliyelala na mtoto wake wa miezi saba ubavuni, kitu kinakwaruza ukuta kwa nje, taratibu, kama mtu anayempapasa mnyama asitake kumwamsha, na kilichomtisha zaidi ya sauti yenyewe ni kwamba nje ya ukuta ule hapakuwa na nje.

Nieleze vizuri, maana nyumba hiyo ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa nyumba ya marehemu baba mkwe, ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, na mume wa yule kijana, ambaye kazi yake ilikuwa machimboni huko mbali, nyumbani akifika mara moja kwa mwaka, alitaka kuijenga upya, lakini si kwa mkupuo, ni kila likizo hatua moja. Sasa ukibomoa ya zamani kwanza, mke na mtoto na mama yako mzee watalala wapi? Fundi akasema hilo si tatizo, tunaizungushia. Mwaka wa kwanza msingi wa mawe ukapita pande zote nne za nyumba ya udongo, mwaka wa pili matofali ya kuchoma yakapanda mpaka kwenye lenta juu ya madirisha, mwaka wa tatu bati likafunika kila kitu, nyasi na kuta na watu wake, ikawa nyumba imo ndani ya nyumba kama kokwa ndani ya parachichi. Kati ya ukuta wa udongo na ukuta wa matofali palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kiubavuubavu. Kwa nyuma kulikuwa na vyumba viwili vipya, vitupu. Likizo ya nne ndipo ile ya ndani ingebomolewa na kutolewa kwa mlango mkuu, toroli kwa toroli.

Na kwa kuwa fremu za madirisha zilikuwa bado, fundi akaziba matundu kwa mabati chakavu mbuzi wasiingie. Mnajua giza la humo ndani lilikuwaje? Saa sita mchana unawasha tochi ya simu kutafuta kijiko. Mtoto analia hujui amegeukia wapi. Yule kijana alilalamika, wageni walilalamika, hata fundi akiingia kupima alisema humu kama ndani ya chungu. Mtu mmoja tu hakuwahi kulalamika, naye ni mama mkwe.

Huyu bibi alikuwa mtu wa maneno na vicheko. Mjukuu alimwita mume wangu, kama mabibi wanavyoita, na kwa kuwa mtoto ni mumewe basi mama wa mtoto akawa mama mkwe wake, kila asubuhi anaita kutoka chumbani kwake, mama mkwe, niletee mume wangu, umemficha wapi. Walicheka wote. Walielewana. Ndiyo maana nawaambia hadithi hii kwa uchungu.

Basi mchana mmoja kijana ametoka kufua, anaingia ndani macho bado yamejaa jua, haoni hata vidole vyake, anasikia karibu na miguu yake mchele unachezeshwa kwenye ungo, chaka, chaka, na mawe madogo yanadondoshwa moja moja kwenye kopo. Akawasha tochi. Bibi ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele katika giza lile, na uso wake umeelekea kwenye mwanga, macho wazi, hayapepesi. Akasema, ni wewe, mama mkwe, mbona umesimama?  Yule kijana alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mtu anayechambua mchele gizani. Mtu anayetembea ndani ya giza asijikwae, wewe unajikwaa. Na usiku, kwaruu, kwaruu, ile sauti inazunguka nyumba kati ya kuta mbili, inafika nyuma ya ukuta wa kitanda chako, na hapo inasimama. Haiendi. Unahesabu pumzi zako. Upande wa pili kuna kitu kimesimama sawasawa na kichwa cha mtoto wako, kinasikiliza.

Hakulala. Wiki ya kwanza hakulala, ya pili hakulala, naye akaanza kumnyima bibi mtoto. Leo ana homa, leo amesinzia, leo ameharisha. Bibi akiita niletee mume wangu, anajibiwa baadaye, mama. Mpaka akaacha kuita.

Kisha kijana akafika bombani. Kulikuwa na foleni ya ndoo, na jirani yake, mama wa watoto watano, akamuuliza mbona umekonda hivyo, naye yakamtoka yote mara moja kama ndoo iliyopinduka, giza, mchele, macho, sauti ukutani. Hakusema neno mchawi. Hakuhitaji kulisema. Jirani alilisema kwa niaba yake. Jioni akampigia mume simu akamwambia vilevile, na mume akasema nimesikia, akakata.

Haikuisha wiki, neno likamrudia mwenyewe kupitia kwa mwanamke anayeuza maandazi, kwamba kuna bibi anaishi ndani ya ukuta na anaona gizani kama paka. Watu wakaacha kuja kuomba chumvi. Vijana wakapita bila kusema shikamoo. Jioni moja changarawe zikarushwa juu ya bati, zikateremka, na bibi ndani akauliza, ni mvua? Ninyi ni watu wazima. Mnajua maneno ya namna hii kuhusu ajuza yakishapata miguu huishia kwenye mlango wa nani, na usiku gani, watu wakiwa na nini mkononi. Yule kijana naye alijua. Aliogopa bibi, na sasa akaogopa kwa ajili ya bibi, na hofu zote mbili zikakaa kwenye kifua kimoja.

Siku ile alikuwa ameenda bombani, akakuta maji yamekatika, akarudi mapema, mtoto mgongoni. Ilikuwa mchana kweupe, bati linalia kwa jua. Akaingia, na ndani ya giza akasikia, kwaruu, na leo palikuwa na sauti ya mtu pia, inanong'ona. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Angeweza kukimbia. Mara ngapi alikuwa amekimbia? Akawasha tochi, akajipenyeza kati ya kuta, udongo unamgusa kifua, na akamkuta.

Bibi alikuwa anakuja. Mkono mmoja kwenye udongo, mwingine kwenye matofali. Mwanga ulimpiga usoni moja kwa moja, na hakusita, hakukunja uso, hakuinua mkono kujikinga, alikuja tu, kumi na mbili, kumi na tatu, na yule kijana akabaki ameielekeza tochi vilevile. Mkono ukamfikia usoni. Ukapita kwenye paji, ukashuka puani, ukagusa hereni, ukavuka bega, ukamkuta mtoto mgongoni, na hapo ukatulia.

"Miezi miwili hunipi mtoto," bibi akasema polepole. "Nikasema basi, amegundua. Umejua lini kwamba sioni?"

Wapendwa, tochi ilikuwa shibiri moja kutoka kwenye macho yale.

Hakuwa ameona gizani. Giza lenyewe hakuliona. Ukungu wa macho ulianza mwaka wa msingi, na mwaka wa bati ulikuwa umeshafunga kabisa, na watu walipolalamika kwamba nyumba imekuwa giza yeye alinyamaza, maana kwake hakuna kilichobadilika. Nyumba ya udongo aliingizwa humo akiwa bibi harusi, aliijua kwa kiganja, kila nguzo, kila kizingiti, na ndiyo maana hakuna aliyemgundua. Lakini ile ilikuwa inakwenda kubomolewa. Kwa hiyo kila walipolala alitoka kujifunza mpya.

"Kutoka mlangoni kwangu mpaka kona ni hatua kumi na nne," alisema. "Halafu kushoto, kuna chumba. Kwenye ukuta wako nasimama kidogo, namsikiliza mume wangu anavyopumua, halafu naendelea."

Kijana akamuuliza kwa nini hakusema. Bibi akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Wewe ungempa kipofu mtoto mchanga?"

 Kijana alifungua mbeleko pale pale, kati ya kuta, na kumweka mtoto mikononi mwa bibi.

Kisha akakimbia kwenda kuyarudisha maneno. Akaanza kwa jirani, akamweleza, mama haoni, ni kipofu, nilikosea. Jirani akamwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Juzi anaona gizani, leo haoni mchana," akasema. "Chagua moja, mwenzangu." Nyumba iliyofuata walikuwa wameshalipatia jibu, kwamba wachawi wakubwa hujifanya vipofu. Alipita nyua nane, na wa tisa, mwanamume mmoja aliyekuwa ananoa jembe, hakuinua hata kichwa. Alipompigia mume simu, mume akauliza kwa sauti iliyopasuka, "Sasa kile kibanda nilichomwambia fundi akajenge huko shambani, mama akaishi peke yake mbali na ninyi, nilikuwa nakijenga kwa ajili ya nani?"

Sasa turudi kwetu sisi. Simlaumu kwa kuogopa. Nani hapa hajawahi kuogopa, na mtoto ubavuni? Ila tazameni alikuwa karibu kiasi gani. Ukuta mmoja. Angegonga tu, akasema, mama, ni wewe, unafanya nini huko? Asingehitaji ujasiri wa simba. Lakini hofu yake aliibeba hatua mia tatu mpaka bombani, akampelekea kila mtu isipokuwa yule mmoja mwenye jibu. Na sisi je? Ni nani unayeishi naye ukuta kwa ukuta, unamwogopa, unamjadili, na hujawahi kumuuliza? Mkwe? Wifi? Huyu aliyeketi mwisho wa benchi peke yake leo, mliyemwachia nafasi ya watu wawili kila upande? Tunasali kwa sauti kubwa, lakini neno tulilolitoa Jumanne bado linatembea, na tukilifuata Ijumaa kulirudisha tunalikuta limeshazaa. Nyumba ya udongo inabomolewa kwa siku mbili. Lile neno, niwaambie ukweli, mpaka leo kuna watu wa kijiji kile wanaolala nalo.

Nimebakiza kidogo, nimalizie.

Mume alikuja. Ile ya ndani ikabomolewa, mabati yakatolewa madirishani, vumbi likatoka, mwanga ukaingia kwa mara ya kwanza, na bibi akatembea mbele ya wote bila kugusa ukuta, kumi na tatu, kumi na nne, kushoto, akaingia chumba chake kipya, akaketi. Jioni, mke wa mwanawe akaja akapiga magoti mbele yake akamwambia yote, maana bibi hakuwa anajua. Bombani. Simu. Kwamba ile haikuwa mvua. Kwamba kibanda kilishapata nguzo nne.

Nje kuku walikuwa wanapanda kulala. Mikono ya bibi ilikuwa imetulia mapajani, na kijana aliiangalia mikono ile asijue itafanya nini. Mwishowe ikanyooka, ikaomba mtoto, ikampokea, ikampakata.

"Akikua ataniuliza kwa nini watu wanapita mbali na mlango wangu," bibi akasema. "Nitamwambia waliogopa vumbi la ujenzi. Neno lako hili, mama mkwe, limefika kwangu na limeishia kwangu. Sitamwambia mtu mwingine."