Mafiga Meupe

Paukwa!
Pakawa!
Kulikuwa na nini?
Kulikuwa na moto, na kulikuwa na giza.
Na katikati yake?
Watu, na jirani yao zimwi.

Kwetu ilisimuliwa hivi, nami sitaongeza.

Hapo kale, katika mji wa Kitongani, alikuwapo mzee mmoja jina lake Shekuwe. Mkewe alikwisha kufa, akamwachia binti mmoja, Mize. Aliyemlea Mize ni shangazi yake, Bi Kishuna, bibi mwembamba, mkali wa maneno, ambaye kiko hakikumtoka mdomoni.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Mtu akija kuposa, baba huletewa tambuu, naye haitafuni. Huiweka. Kwanza shangazi wa binti huenda kwa mposaji, hukaa siku tatu, hula chakula cha nyumba ile. Akirudi husema alichokiona. Kisha humuuliza binti, faraghani, kwa sababu binti humwonea baba yake haya. Binti akikubali, ndipo baba hutafuna. Na akishatafuna, neno halirudi.

Siku moja Bi Kishuna alikwenda kijiji cha pili kumtazama mwanawe aliyejifungua. Nyuma yake akaja mposaji. Kijana mrefu, kanzu nyeupe, uso mzuri. Amekuja peke yake.

"Jina langu Mjaka. Nimekuja kumposa Mize."

"Karibu, mwanangu. Mshenga wako yuko wapi?"

"Amekufa, mzee."

"Na baba yako?"

"Amekufa."

"Basi hata jirani hukupata wa kukusindikiza?"

"Nao wamekufa, mzee. Nimebaki mimi."

"Pole sana, mwanangu," akasema Shekuwe, na machozi yakamlengalenga.

Kumbe yule hakuwa mtu. Lilikuwa zimwi lililovaa ngozi ya mtu. Na mazimwi ya zamani hayakuweza kumgusa binti wa watu mpaka wenyewe wamkabidhi. Ndiyo maana lilikuja kwa posa.

Zimwi likafungua kijaluba. Ndani mlikuwamo tambuu mbichi, yenye popoo nzuri, na Shekuwe alikuwa mtu wa tambuu.

"Tafuna, mzee. Kwangu ni mbali."

Shekuwe akamwita binti yake. "Mize, huyu anakutaka. Wasemaje?"

Mize akainama, akanyamaza.

"Kimya ni kukubali," akasema Shekuwe. Akatafuna.

Basi Bi Kishuna akarudi. Hata hakuketi.

"Shekuwe, mbona mdomo mwekundu?"

"Nimetafuna kidogo, dada."

"Tambuu ya nani?"

"Ya mkwe wetu. Kijana mzuri, maskini, watu wake wote wamekufa."

"Wote? Nawe hukuuliza wamekufa kwa nini?"

"Niliona vibaya kumuuliza yatima."

"Na Mize ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, akanyamaza."

"Alinyamaza kwa sababu si wewe wa kumuuliza. Una mvi, Shekuwe, lakini ukiona tambuu unakuwa mtoto."

Akaingia chumbani kwa Mize.

"Mwanangu, wamtaka?"

"Simjui, shangazi. Hata baba hamjui. Lakini ametafuna, na sitaki mji umwite baba yangu mwongo."

Bi Kishuna akavuta kiko chake. Kisha akasema, "Nilikuwa na siku zangu tatu, sikupewa. Nitazichukua huko huko. Wewe usifunue ushungi wako, wala usivuke kizingiti chake, mpaka nikuambie."

Siku ya arusi ikafika. Wakatembea tangu asubuhi, bi arusi, shangazi na bwana arusi mbele yao. Wakaikuta nyumba kubwa, mlango wa nakshi, ua umefagiwa. Lakini hakukuwa na jirani, wala jogoo, wala mbwa. Bi Kishuna akamkalisha Mize barazani, naye akaketi kando yake na kikapu cha mikate aliyotoka nayo kwao.

"Nikabidhi mke wangu," akasema Mjaka.

"Baba ametafuna, mimi sijala. Nina siku tatu. Sasa, mwanangu, nipe kaa la moto niwashe kiko."

"Moto umezimika, shangazi."

Bi Kishuna akaingia jikoni. Akayakuta mafiga matatu, meupe, kama yametolewa mtoni siku ile. Hayakuwa na hata alama ya moshi. Akatoka, akarudi barazani.

Siku ya pili akasema, "Mwanangu, nipe kaa la moto niwashe kiko."

"Kuni zimelowa, shangazi."

Jua lilikuwa kali, vumbi limejaa uani. Mjaka akaleta nyama mbichi kwenye sinia. "Kuleni."

"Tutakula ikiiva," akasema Bi Kishuna.

Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, nipe kaa la moto niwashe kiko."

"Shangazi, wewe na kiko chako mmenichosha. Siku zako zimekwisha. Nikabidhi mke wangu."

"Nitamkabidhi sasa hivi. Limebaki jambo dogo. Moto wa kwanza wa nyumba huamshwa kwa pumzi ya mwenye nyumba."

Akatoa kikapuni vijiti vyake vya kupekechea moto. Akapekecha, akapekecha, akapekecha, cheche ikaingia kwenye makumbi makavu ya nazi. Akaingia nayo jikoni, zimwi likimfuata, akayaweka katikati ya mafiga meupe.

"Puliza, mwanangu."

Zimwi likapuliza kwa mbali. Moto ukafifia.

"Karibia, puliza."

Likakaribia kidogo, likapuliza. Moto ukafifia.

"Mke ni wako, moto ni wako. Inama, puliza."

Zimwi lilikuwa na njaa ya siku tatu ya kumla Mize. Likainama, likapuliza kwa nguvu. Makumbi yakalipuka, ulimi wa moto ukalilamba usoni. Ile ngozi nzuri ikakunjamana, ikabanduka, ikaanguka. Chini yake manyoya, na kinywa kilichofika masikioni.

Bi Kishuna akachukua kaa, akawasha kiko chake.

"Mize, njoo mlangoni. Funua ushungi umtazame mposaji wako."

Mize akatazama. Bi Kishuna akashika kijinga cha moto, akapiga hatua moja. Zimwi likapita dirishani, likaingia mwituni, na kutoka kule halikurudi.

Wakarudi kwao. Shekuwe alisikiliza yote, na tambuu ya mtu hakuigusa tena mwaka mzima.

Mwaka wa pili akaja mshenga kumposea Vuai, kijana mfinyanzi. Shekuwe akaiweka tambuu, akaikalia mbali. Bi Kishuna akaenda siku tatu, akarudi.

"Nyumba inavuja," akasema. "Ukuta umepinda. Mama yake ni mkali kama mimi. Lakini mafiga yake ni meusi tititi, na kila asubuhi jirani walikuja kuomba moto, wakapewa."

Akaingia chumbani kwa Mize, akafunga mlango.

"Mwanangu, wamtaka?"

Safari hii Mize hakunyamaza. "Namtaka, shangazi. Paa linalovuja huezekwa."

Bi Kishuna akafungua mlango. "Shekuwe," akasema, "tafuna."

Hadithi yangu imeishia hapo, penye mafiga meusi. Atakayeipokea aitunze kama ilivyo. Anayemwoza mtoto atazame jiko kabla ya mlango, na binti asikizwe kwa maneno yake, kwa sababu kimya si jibu.