Kamera ya Mwalimu Hoza na Koti la Marehemu

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana mmoja wa waliofanya jambo hili yu hai na ndiye anayewasimulia, palikuwa na kijiji milimani kilichogawanyika pande mbili. Upande huu nyumba, upande ule nyumba, katikati bonde na kijito. Mtu wa huku akimtazama mtu wa kule humwona mdogo kama kidole, akajua tu kwamba yule ni mtu. Tuliishi hivyo kwa heshima, kila mmoja na ua wake, mpaka Mwalimu Hoza aliponunua kamera.

Kamera yenyewe haikuwa ya kujivunia. Aliipata mjini kwa muuza mitumba, ya bei nafuu, mkanda wake umekatika na kuungwa kwa fundo. Lakini ilikuwa na lenzi inayorefuka. Unabonyeza, lenzi inatoka, na kitu cha mbali kinakuja karibu. Muuzaji alimpa mwalimu onyo moja, naye alituambia sisi mara tatu siku ile ile. Kwenye kioo cha nyuma kuna mstari wenye alama katikati. Kabla ya alama, lenzi inavuta kweli. Ukivuka alama, lenzi imeishia hapo, na kamera inaikuza tu ile picha iliyo nayo. Inapokosa kitu, inakisia.

Mwalimu hakutaka kupiga picha za harusi wala za vitambulisho. Alipenda ndege tu, basi. Wengine hupenda bao, yeye ndege.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi inauma na ukungu umetoka kuondoka, tulikaa barazani kwake watu watatu. Alikuwapo Mwalimu Hoza, alikuwapo Saumu mkewe, na nilikuwapo mimi Shedafa, fundi cherehani, jirani yao. Tulikuwa tunaijaribu kamera. Mwalimu akalivuta paa la msikiti, tukaona kutu yake. Akamvuta mbuzi wa ng'ambo, tukamwona anatafuna. Tulicheka, watu wazima wenye wajukuu. Tulikuwa tukiishika kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa bado.

Sasa, ng'ambo ile palikuwa na nyumba ya Bi Sakina. Mumewe, mzee Mbaruku, alikuwa amefariki wiki tano nyuma, naye bibi alikuwa edani. Mnajua mjane wa eda anavyokaa. Miezi minne na siku kumi hajipambi, haonekani na wanaume wa nje, hatembei. Mwisho wake ni uani kwake.

Ndege akatua kwenye mti wa peasi uliomo katika ua ule. Mwalimu akaelekeza lenzi, akavuta, ndege akaruka akaenda zake. Lakini chini ya mti palikuwa na mtu, na mwalimu hakuishusha kamera. Akavuta tena. Akaifikia alama, akaivuka, akapiga.

Tukainamia kioo wote watatu. Picha ilikuwa chengachenga. Koti refu, kofia ya sufu, mtu kaupa mgongo ukuta na kuinamia kibanda cha sungura. Uso hauonekani.

Saumu akasema, "Huyo ni mwanamume."

Mwalimu akasema labda kamera imekisia. Alisema hivyo huku anatabasamu, na picha hakuifuta.

Na mimi? Mimi nilikiona kiwiko. Kwenye kiwiko cha lile koti palikuwa na weupe kidogo, na weupe ule ulikuwa kiraka nilichokishona kwa mkono wangu, kwa sababu mzee Mbaruku alikuwa akikaa lazima aegemee kiwiko cha kulia. Nililijua koti la marehemu. Nikajua papo hapo kwamba yule ni Bi Sakina mwenyewe, kavaa koti la mumewe kwa baridi, anawalisha sungura wa mumewe. Sentensi moja ingetosha, nayo sikuisema. Mtaniuliza kwa nini, na naona haya kujibu. Zamu yangu ilikuwa imefika. Niliogopa nikiyaharibu mazungumzo mwalimu angezima kamera na kuirudisha ndani. Nikanyoosha mkono nikasema, "Nipe na mimi."

Siku ya pili yake, upande wetu, wanawake walikuwa wanachambua mchele wa khitma ya arobaini ya mzee Mbaruku. Saumu akaenda na kamera, ati awapige wenzake picha. Huko akamwonyesha mtu mmoja ile picha ya koti, mmoja tu, akamwambia asimwambie mtu. Huyo mmoja alikuwa Bi Mwanjuma, dada wa marehemu. Mchele haujakwisha kuchambuliwa, habari ilishavuka kijito: mjane ameingiza mwanamume, na kaburi la mumewe halijashika nyasi.

Mawifi wanne wakamwendea Bi Sakina. Bi Mwanjuma ndiye aliyetusimulia baadaye, na alipokuwa akisimulia alikuwa anaivuta kanga yake mpaka machoni. Walimkuta mkekani, wakamuuliza ni nani yule aliyeonekana uani. Bi Sakina hakulia wala hakuapa. Alikwenda chumbani, akatoka kavaa koti na kofia, akapita katikati yao, akaenda kusimama kwenye kibanda cha sungura.

"Basi mtazameni," akawaambia. "Huyu ndiye mwanamume wenu."

Mawifi wakainama. Akalivua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi Bi Mwanjuma. Wakamsihi abaki nalo. Akakataa.

"Nilikuwa nalivaa kwa sababu lina harufu yake," akasema. "Nyinyi mmelifanya koti la mgoni. Nikilivaa tena nitakuwa nawasikia nyinyi."

Hayo ndiyo tuliyomfanyia. Jina lake lilisafishwa siku ile ile, maana mawifi walikwenda nyumba kwa nyumba kuirudisha habari. Lakini koti halikurudi, na kuanzia hapo sungura walilishwa na watoto wa jirani. Bi Sakina hakutoka tena hata uani.

Upande wetu, tukagombana. Mwalimu alimlaumu mkewe kwa mdomo wake. Saumu alimlaumu mumewe kwa macho yake. Mimi nikakaa katikati nikisuluhisha, kama mtu mwema, mpaka siku moja wema ule ukanishinda. Nikawaambia kwamba koti nililijua tangu siku ile barazani. Tangu hapo walinilaumu mimi kwa sauti moja, na ndoa yao ikapona kidogo.

Tukamwomba Bi Mwanjuma atupelekee salamu kwa Bi Sakina, kwamba tunataka kwenda kuomba radhi eda ikiisha. Jibu likaja neno kwa neno. "Waambie asije mtu zaidi ya mmoja. Wakija watatu, kila mtu atamwachia mwenzake lile kosa, nami nitabaki sijaombwa na mtu. Nimetafuta moyoni mwangu, msamaha ninao wa mtu mmoja. Wakubaliane nani mwenye kosa, aje huyo. Wengine wakae na lao."

Sasa sikilizeni maajabu. Sisi tuliokuwa tunalikimbia kosa, tukaanza kuligombania.

Eda ikaisha. Asubuhi yake tulivuka kijito wote watatu, kwa kuwa hatukuwa tumekubaliana, tukasimama nje ya ua wa Bi Sakina tukibishana kwa kunong'ona.

Mwalimu Hoza akasema, "Ni mimi. Niliona wazi kwamba ule ni ua wa mjane, na ndege alishaondoka. Nikavuta. Alama niliijua, nikaivuka. Kama nisingechungulia, wewe usingekuwa na la kusema na fundi asingekuwa na la kunyamazia. Mimi niingie."

Saumu akasema, "Wewe ulichungulia, lakini picha ingelala humo ndani ya kamera mpaka betri iishe. Mimi ndiye niliyemtangaza. Na nyinyi wawili hamkuwahi kupita mlango huu. Mimi nilikuwa namletea uji kila Ijumaa, ananikaribisha mpaka chumbani. Ijumaa ile baada ya mchele nilimletea uji vilevile, nikamtazama usoni, akanishukuru. Mimi niingie."

Nami nikasema, "Mwalimu alikisia, na wewe shemeji ulikisia. Mimi peke yangu nilijua."

"Fundi, wewe hukufanya kitu," Saumu akaniambia.

"Ndicho nilichofanya," nikamjibu.

Hapakuwa na wa kutuamua. Mwalimu alikuwa na machozi, na sikupata kumwona hivyo tangu tujuane. Saumu alikuwa ameshavua viatu. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya uzio. Katika kubishana huko mmoja wetu, na hata leo kila mtu anasema si yeye, akapiga hodi.

Mlango ukafunguliwa nusu. Hatukumwona mtu, tukasikia sauti tu.

"Karibu," akasema Bi Sakina. "Mmoja."

Nimewafikisha hapo mlangoni, na zaidi ya hapo sina uso wa kuamua, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wa wanaoomba. Amueni nyinyi, na mkiamua msinionee huruma eti kwa sababu nimekaa mbele yenu nikasema kila kitu. Yuko aliyechungulia, yuko aliyetangaza, na yuko aliyejua akanyamaza. Msamaha ni mmoja, na mwanamke anasubiri.

Je, nani kati yetu alistahili kuingia?